Namba 6 Nilizozipoteza Kati ya 200 na 500

Wiki iliyopita mama mmoja wa hapa Moshi aliniandikia kwamba mwanawe wa darasa la saba hulia kila anapoulizwa ni namba ngapi, kati ya namba mbili zilizotajwa, zinazogawanyika kwa namba fulani. Ujumbe huo uligusa mahali ambapo bado pananiuma.

Nami nililia kwa swali kama hilo, katika mtihani wa kujiunga na sekondari niliyoitamani mno: kuna namba ngapi kati ya 200 na 500 zinazogawanyika kwa 12 na pia kwa 18 bila baki? Nilizidisha 12 kwa 18 nikapata 216, nikaona kwamba zimo 216 na 432 peke yake, nikaandika 2 bila wasiwasi wowote. Jibu ni 8. Msahihishaji alilisoma jibu langu kwa sauti mbele ya wenzangu, wakacheka, wala hakunionyesha nilipokosea. Mwalimu asiyeeleza kosa hajasahihisha kitu, na kauli hiyo siibadili.

Aliyenieleza ni baba, fundi seremala wa Majengo. Jioni ile aliivuta futi yake ya mita 5 juu ya ubao, akaniagiza niweke alama ya penseli kila baada ya sentimita 12, na alama ya chaki kila baada ya sentimita 18. Alama zilikutana kwenye 36, kisha 72, kisha 108, na nilipofika 216 niliyoitegemea sana, zilikuwa zimekwisha kukutana mara 5. Hapo ndipo nilipoielewa KDS, yaani kigawe kidogo cha shirika, namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa zote mbili bila baki, ambayo darasani nilikuwa nimeikariri tu. 12 na 18 zote zina 6 ndani yake. Kwa kuzidisha, nilikuwa nimeihesabu 6 hiyo mara mbili, na 216 ukiigawa kwa 6 unapata 36.

Kwa hiyo, mama, mwanao atafute KDS kwanza. Akigawa 500 kwa 36 atapata 13 na baki. Akigawa 200 kwa 36 atapata 5 na baki. 13 kutoa 5 ni 8, yaani kuanzia 216 hadi 468. Swali likitaka zinazobakiza 5, aongeze 5 kwa kila moja, aanze na 221 na kuishia 473. Likisema “12 au 18”, ajumlishe vigawe 25 vya 12 na 16 vya 18, kisha aondoe zile 8 zilizohesabiwa mara mbili, abaki na 33. Narudia, KDS kwanza, hata kama mtoto ana haraka na hata kama kuzidisha kunaonekana rahisi zaidi.

Kabla ya hesabu hizo zote, mpe futi, penseli na chaki, umwache aweke alama mwenyewe mpaka afike 500.