Kuku Wakianza Kufa, Mjue Bakteria Kabla ya Kununua Dawa

Kuku wa kwanza alikufa Jumatatu. Kufikia Ijumaa ya wiki iliyofuata nilikuwa nimezika 41, kati ya 200 niliowalea tangu vifaranga hapa Bahati, Nakuru. Upanga ulipauka, mabawa yakalegea, kinyesi kikawa cha manjano yenye ukijani. Nilienda agroveti, nikaeleza, nikapewa antibayotiki ya unga ya kuchanganya na maji. Siku ya tatu sikuona nafuu, nikabadilisha dawa. Nikabadilisha tena.

Hapo ndipo nilipokosea, na ndiyo sababu ninaandika.

Jirani ndiye aliyenisukuma niwapeleke maabara ya mifugo kuku wawili waliokuwa wamekufa asubuhi hiyo. Daktari alipompasua mmoja, ini lilikuwa limevimba na kugeuka rangi ya shaba. Taifodi ya kuku. Inaletwa na aina ya Salmonella iitwayo Gallinarum. Majibu ya kuotesha bakteria maabarani na kumpima dawa yalipotoka siku chache baadaye, dawa mbili kati ya zile tatu zangu hazikuwa na nguvu yoyote juu yake. "Mama, umekuwa ukitupa jiwe gizani," akaniambia kwa upole.

Kisha akanieleza jambo ambalo sijaacha kulifikiria: kuna virusi ambavyo kazi yao ni kuua bakteria. Vinaitwa bakteriofaji, yaani wala bakteria. Jina hilo lilitolewa na mtafiti Félix d'Hérelle, aliyevieleza mwaka 1917 akiwa Paris, miaka miwili baada ya Mwingereza Frederick Twort kuandika kuhusu jambo kama hilo. Kilichonigusa mimi mfugaji ni kwamba mwaka 1919 d'Hérelle alivijaribu vijijini Ufaransa kwa kuku, tena kuku wenye taifodi hii hii. Zaidi ya miaka mia moja iliyopita!

Bakteriofaji hivi vina jenasi nyingi, yaani makundi ya virusi vya jamaa moja, na mojawapo inaitwa Felixounavirus. Jina limetokana na kirusi Felix O1, kilichopatikana mwaka 1943 na kuitwa kwa jina la mtafiti Arthur Felix. Chenyewe kinashika Salmonella wa karibu kila aina, kiasi kwamba maabara zimekitumia kumtambua bakteria huyo. Kina kichwa kilichobeba DNA, yaani maelekezo yake ya urithi, na mkia. Nyuzi za mkia zikigusa ngozi ya nje ya Salmonella na kukuta alama ambazo nyuzi hizo zinazitafuta, mkia unajibana na DNA inaingizwa ndani. Bakteria anageuzwa kiwanda cha kutengeneza virusi vipya, hadi anapasuka na kuvimwaga nje. Seli ya kuku haina alama hizo, wala ya mtu, kwa hiyo kirusi hicho hakizigusi.

Angalia tofauti. Antibayotiki nyingi zinaua bakteria wa aina nyingi, hata wale wazuri wa tumboni, ndiyo maana tunashawishika kuzinunua bila kupima. Bakteriofaji haikupi nafasi hiyo: usipomjua bakteria wako, hujui utumie kipi. Mimi nimechukua nidhamu hiyo nikaileta kwenye dawa za kawaida.

Sasa, usiende agroveti kuulizia bakteriofaji, na mtu akikuletea chupa mlangoni akidai ndiyo hiyo, usinunue. Bakteria wanaweza kuvizoea virusi hivi pia, kwa hiyo watafiti huchanganya kadhaa pamoja, na kuchagua mchanganyiko unaofaa ni kazi ya maabara. Lakini usidhani ni habari za mbali. Wanasayansi wa taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI, Nairobi, wamekuwa wakivifanyia kazi dhidi ya Salmonella wa kuku. Na hapa hapa kwetu, katika Ziwa Elmenteita tunalolipita kila tukienda Nairobi, watafiti wamevipata bakteriofaji katika maji yale ya magadi. Tangu nisikie hivyo silitazami tena kama ziwa la heroe tu.

Ufanye nini kuku wakianza kufa kesho? Mtoe aliyekufa karibuni, kabla hajaoza, mweke kwenye mfuko wenye barafu, umpeleke maabara siku hiyo hiyo, ikiwezekana kabla hujawapa wengine dawa. Omba bakteria aoteshwe, kisha apimwe dawa ipi inamuua. Ikiwa ni Newcastle, ambayo wengine tunaiita kideri, hicho ni kirusi cha kuku wenyewe na hakuna antibayotiki itakayokiponya. Ukipewa dawa, maliza dozi, na usiuze wala usile mayai mpaka siku zilizoandikwa kwenye pakiti zipite. Hili la mayai ninalisisitiza kwa sababu wanaoyala ni watoto wetu.

Jambo lililoniuma zaidi ni wale waliopona. Walionekana wazima, wakaanza kutaga, lakini kuku aliyepona taifodi anaweza kuendelea kubeba bakteria na kumpitisha kifaranga kupitia yai. Niliwaondoa wote. Nikachoma maranda, nikaosha banda, nikaliacha wazi likapigwa na jua, na kundi jipya nikalichanja dhidi ya taifodi nikiongozwa na daktari yule yule. Namba yake nimeibandika mlangoni mwa stoo ya chakula cha kuku, na binti yangu anajua ampigie nani nisipokuwepo.