Mashine haivitambui vidole vya wabanguaji

SWALI: Nina kiwanda kidogo cha kubangua korosho hapa Newala, kina mama 22, malipo kwa kilo. Nimeweka mashine ya alama za vidole na tableti ya kuandikia kilo. Nusu yao mashine inawakataa, na wote wanasema tableti inawapunja. Nirudi kwenye daftari?

JIBU: Ndugu yangu, umewahi kuvitazama vidole vyao? Mafuta ya ganda la korosho yanaunguza ngozi. Hata wakijipaka majivu, alama zinafutika. Mashine isome nini hapo? Wape kadi zenye namba. Na glavu ungenunua kabla ya tableti.

La kupunjwa ndilo zito. Daftari kila mtu alilichungulia. Tableti unaishika wewe. Geuza mzani umwelekee mama aliyeleta beseni, asome 4.6 mwenyewe kabla hujabonyeza. Jioni jumla imfikie kwa meseji ya kawaida, itakayosomeka hata kwenye kitochi. Daftari liende sambamba mpaka malipo ya pili.

Na anayepima kila siku, muulize kinachomkwaza. Mimi niliwahi kununua kompyuta bila kumuuliza karani wangu. Ikaishia kufunikwa kitambaa, juu yake chupa ya chai.