Kadi ya Kuzamia Umeipata, Sasa Fikiria Mlima wa Kurudi Nyumbani

"Yaya, nimepata kadi yangu Zanzibar. Nikirudi kule sitakuwa tena na mwalimu, nianzie wapi? Na hapa ziwani kwetu Kivu siwezi kuzamia?"

Ujumbe huu umetoka kwa dada mmoja wa Goma, mtaa wa Himbi (yaya kwetu ni mkubwa wako, si mlezi wa watoto). Nilimjibu kwa simu tukaongea mpaka kredi ikaisha. Kwa kuwa si yeye wa kwanza kuniuliza, na najua kuna wengine mnaoweka pesa kidogo kidogo kwa ndoto hiyohiyo, nayaandika hapa.

Mimi ni mtoto wa Bukavu. Kuogelea nilijifunzia Nguba na Muhumba, kando ya ziwa, kama wenzangu wote, maana Kivu halina mamba wala kiboko wa kutufukuza. Kwa hiyo mtihani wa kuogelea mita 200 na kuelea dakika 10 kwangu ulikuwa mchezo, na sioni aibu kujisifu. Kwenye boti walinitazama kwa mshangao. Mmoja akaniuliza kama Kongo ina bahari. Nikamwambia ipo, Muanda, pwani ya kilomita 40 hivi, ila kutoka Bukavu kufika huko ni mbali kuliko kuja Zanzibar. Akacheka. Mimi sikucheka.

Kozi yenyewe siisimulii: kutoa maji kwenye miwani, kutafuta mdomo wa hewa ukichomoka, kurudia na kurudia. Ukimaliza unapewa ruhusa ya kuzamia hadi mita 18 pamoja na mwenzako. Hapo ndipo mambo yanapoanza, kwa sababu kesho yake hakuna anayekuvalisha.

Swali la kwanza utakaloulizwa ni risasi kilo ngapi, yaani vile vyuma vizito vya mkanda vinavyokusaidia kuzama. Wakati wa kozi mwalimu alikuwekea, wewe ukafunga mkanda tu. Sasa unasimama mbele ya kreti la risasi na watu wanangoja. Usitaje namba uliyosikia kwa jirani. Omba dakika mbili za kujipima majini: toa hewa yote kwenye jaketi la kuelea, shika pumzi ya kawaida, maji yakufike usawa wa macho. Ukizama moja kwa moja, punguza. Na mtungi ukiwa umejaa, kumbuka kwamba hewa ina uzito. Mtungi wa lita 12 kwenye shinikizo la baa 200 una karibu kilo 3 za hewa, kwa hiyo mwisho wa safari, ukibakiza baa 50, umekuwa mwepesi kwa kilo mbili hivi. Aliyejipima vizuri asubuhi lakini akasahau hilo, ndiye utakayemwona anapigana na maji akijaribu kutulia mita 5 zile dakika 3 za mwisho za kusimama kabla ya kutoka majini, miguu juu kichwa chini.

Halafu masikio. Anza kuyasawazisha tangu mita ya kwanza, kabla hayajauma. Bana pua, puliza polepole. Yakikataa, panda kidogo, jaribu tena. Wenzako wakikungoja, wakungoje.

Mnemba, kile kisiwa kidogo cha Zanzibar, niliiona hivyo, polepole. Sijui niwaelezeje. Mimi niliyekulia kwenye sambaza, wale samaki wadogo wa Kivu (na hata sambaza wenyewe ni wageni, waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950) nilikuta samaki wa rangi ambazo nilidhani ni za vitenge tu. Kasa alipita chini yangu bila haraka yoyote, akatua kwenye mchanga, akaanza kula kama sipo. Nilisahau kupiga mateke. Nilisahau hata kuangalia kipimo cha hewa, mpaka mwenzangu aliponigonga bega kuniuliza imebaki kiasi gani. Mita 10 chini unatumia hewa mara mbili ya juu, mita 18 karibu mara tatu, kwa hiyo ile unayodhani ni nyingi si nyingi. Angalia kipimo. Tena angalia.

Sasa nifike kwenye linaloniuma mpaka leo.

Siku yangu ya kusafiri, kiongozi wa kampuni niliyozamia nayo alinijia asubuhi na furaha: kuna nafasi kwenye boti, na kwa kuwa nilikuwa nimelipia mzamo mmoja ambao upepo wa juzi yake uliuzuia, twende sasa, ndege yako si ni jioni? Nikamwambia hapana. Nilikuwa nimezamia siku zote zilizotangulia, na kitabu chao wenyewe kinasema aliyezamia mara nyingi asubiri angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege, na aliyezamia mara moja tu saa 12. Akasema ndege yenyewe ni fupi. Nikamwambia shida yangu si ndege peke yake. Akawageukia wenzake, akasema "Mkongo anaogopa", boti ikaondoka. Pesa ya mzamo ule sikurudishiwa.

Niliyotaka kumweleza, na hakunipa nafasi, ni haya. Ukiwa chini, naitrojeni ya hewa unayovuta inaingia mwilini kwa wingi kwa sababu ya shinikizo. Ukipanda, inatakiwa itoke taratibu kupitia mapafu. Ukienda haraka mahali penye shinikizo dogo, inageuka mapovu ndani ya damu na viungo: maumivu ya magoti na mabega, ganzi, wakati mwingine miguu kukataa. Ndiyo maana ndege inakatazwa, kwa kuwa hewa ndani yake imepungua kama ya mlimani, hadi mita 2,400 hivi. Zile saa 12 na 18 zinahusu mwinuko wowote kuanzia mita 600.

Mzungu anayerudi kwao anashuka uwanjani usawa wa bahari, yameisha. Mimi nikishuka Kigali niko karibu mita 1,500 juu ya bahari. Kesho yake napanda basi la kwenda Rusizi, mji wa mpakani upande wa Rwanda, na barabara ya msitu wa Nyungwe inapita juu ya mita 2,000 kabla ya kushuka mpakani. Nikivuka mto Ruzizi nikifika nyumbani, Kivu lenyewe liko mita 1,460 juu ya bahari. Sisi tunaishi ndani ya ndege, ndugu zangu! Mwili ukianza kuuma katikati ya Nyungwe, pale kuna ukungu na nyani, hakuna atakayekuingiza kwenye chemba ya shinikizo ya kutibu mapovu hayo.

Kwa hiyo mzamo wa mtu wa Bukavu au Goma hauishi pale anapovua mapezi. Siku ya mwisho usizamie kabisa. Nunua viungo, tembea Mji Mkongwe, lala. Na mtu akikuharakisha, mwambie hapana bila kujieleza. Kila mzamiaji ana haki ya kusitisha mzamo wakati wowote, kwa sababu yoyote, hata akiwa ameshavaa. Vijana wa kwetu tunaona haya kukataa mbele za watu, tunaogopa kuitwa waoga, tunakubali mita 30 siku ya pili ili picha ziwe nzuri. Acheni hiyo. Anayekucheka leo hatakulipia hospitali. Sema hapana, tena useme mapema.

Kuhusu ziwa letu. Kuzamia Kivu si dhambi, lakini kadi yako ya baharini haikukufundisha milima. Hewa ya hapa ina asilimia 85 hivi ya shinikizo la pwani, kwa hiyo mita 18 za Kivu mwili unazihesabu kama mita 20 na ushei za baharini. Komputa ya mkononi inayokuhesabia mzamo lazima ijue hivyo, na mkufunzi wa uzamiaji wa nyanda za juu akupitishe kwanza. Risasi pia unapunguza, maana maji yasiyo na chumvi hayakuinui vile. Ile gesi ya methani na kaboni dayoksaidi inayosemwa sana kuhusu Kivu imelala chini mno, tabaka la juu linajichanganya hadi mita 60 hivi. Isipokuwa ghuba ya Kabuno, upande wa Sake: kule maji yenye kaboni dayoksaidi yanaanza mita kama 11 tu. Kabuno usiingie. Na ufukweni pia, watu wa Goma mnajua wenyewe mazuku, ile hewa ya kuua inayotuama chini, hukaa kwenye mabonde gani. Usivalie mtungi mahali pa namna hiyo.

Mimi safari ijayo nafikiria Kigoma. Tanganyika liko kwenye mita 773 hivi, na wale samaki wake wa kwenye mawe wengi hawapatikani popote pengine duniani. Kutoka pale kuja Bukavu, njia yoyote utakayoshika inapanda, kwa hiyo siku ya mwisho nimeshaitenga ya kula mgebuka na kulala. Atakayetaka tuongozane aniandikie, nauli kila mtu na yake.