Kuchambua dhamira za vitenzi katika khutba ya Ijumaa: ushauri kwa wanaoanza utafiti Tanga

Wanafunzi wengi wa isimu wanaochukua khutba ya Ijumaa kama data huanza kwa kuhesabu dhamira, yaani maumbo ya kitenzi yanayoonyesha kama msemaji anaamuru, anataka au anaarifu: amri ngapi (kama "someni"), matilaba ngapi (kama "tusome"), sentensi za taarifa ngapi (kama "tunasoma"). Kuhesabu kuna faida yake. Lakini jedwali hilo halitakwambia lolote juu ya khatibu, yaani mtoa khutba, mpaka utenge kwanza yale anayowajibika kuyasema na yale anayoyachagua mwenyewe. Lishike hilo kabla hujapanda basi la kuja Tanga.

Waislamu wengi wa mwambao wetu ni Mashafi, yaani wafuasi wa madhehebu ya Shafi. Kwa Shafi khutba ina nguzo tano: kumhimidi Mwenyezi Mungu, kumsalia Mtume, kuusia takwa, kusoma aya ya Qur'ani, na kuwaombea dua waumini katika khutba ya pili. Tatu za mwanzo hurudiwa katika khutba zote mbili. Sasa, wasia wa takwa ni agizo kwa asili yake. Ukilikuta agizo la kumcha Mungu katika kila khutba uliyorekodi, umeikuta nguzo. Mtindo wa mtu bado hujauona. Mtindo uko katika umbo alilolichagua. Mmoja atasema "Mcheni Mwenyezi Mungu". Mwingine atasema "Tumche Mwenyezi Mungu", akajiingiza mwenyewe katika safu. Wa tatu atasema "Nakuusieni, na naiusia nafsi yangu kwanza, kumcha Mwenyezi Mungu", na hapo kitenzi ni cha taarifa kabisa, cha wakati uliopo, ila kwa kukitamka tu tayari ameshausia. Maumbo matatu, nguzo moja. Kaa hapo sana, maana hapo ndipo utafiti wako utakapopata nyama.

Kwa sababu hiyo, weka safu mbili tangu siku ya kwanza: moja ya umbo la kitenzi, nyingine ya kazi kinayoifanya. Ya tatu iwe ya mahali: ufunguzi, wasia, kiini cha mada, kikao (pale khatibu anapokaa kidogo kati ya khutba ya kwanza na ya pili) kimepita au bado, dua. Bila safu ya mahali utachanganya mambo yasiyochanganyika.

Kama hukuzaliwa pwani, angalia sana kiambishi -eni. Wengi huiambia kompyuta itafute kila neno linaloishia na -eni wakidhani wamezikamata amri zote za wingi. Tanga hilo halikufikishi. Mtu wa hapa husema "nakuombeni", "nimekwambieni", "atakulipeni", na zote hizo ni taarifa. -Ni ile inaonyesha tu kwamba wanaoambiwa ni wengi. Khutba nyingi hufikia mwisho kwa maneno ya Kiarabu *udhkuru Llaha yadhkurkum*, na kwa Kiswahili cha hapa utasikia: "Mkumbukeni Mwenyezi Mungu, naye atakukumbukeni." Kitenzi cha kwanza ni amri, cha pili ni taarifa ya wakati ujao, na vyote viwili vimeishia sawasawa. Katika Kiarabu kitenzi cha pili kimetiwa jazimu, yaani kimeondolewa irabu ya mwishoni mwa kitenzi, kwa kuwa ni jawabu la ombi. Kiswahili hakina umbo hilo, kikatumia -ta-. Ukikiandika cha pili kuwa amri umeharibu sentensi nzima, kwa sababu ahadi ya Mungu umeigeuza kuwa agizo kwa watu.

Angalia pia kiambishi cha yambwa, yaani kinachomwakilisha anayetendewa. "Someni" inaishia na -eni kwa sababu ya wingi, lakini "mche" ya umoja imechukua -e kwa sababu ya -m- ya mbele yake, ingawa ni amri. Usiipeleke kwenye matilaba kwa kuiona -e tu. Na makatazo yana shida yake: "msile riba" ina umbo la matilaba lenye kikanushi -si-, kwa sababu amri ya Kiswahili haina ukanushi wake yenyewe. Maana yake ni kwamba khatibu anayekataza sana ataonekana katika jedwali lako ni mtu wa matilaba, mpole, kumbe ameshika fimbo na anaonya vikali. Yape makatazo safu yao.

Aya inayosomwa sana kuelekea mwisho wa khutba ya pili ni ile ya 90 katika Suratun-Nahl: hakika Mwenyezi Mungu anaamrisha uadilifu na ihsani. Umbo lake ni taarifa, hakuna kitenzi cha amri hata kimoja, na hakuna msikilizaji asiyejua kwamba ameamrishwa. Napenda kuitumia kuwafundisha wanaoanza, kwa sababu inavunja ile imani kwamba amri lazima ivae nguo ya amri.

Dua nayo huenda kinyume. "Mola wetu, tusamehe, turehemu" ni umbo la amri, lakini aliye chini hamwamrishi aliye juu. Wanabalagha wa Kiarabu, yaani wataalamu wa ufasaha wa lugha, walikwishalitenga hilo zamani: likitoka juu ni amri, kwa aliye sawa nawe ni iltimasi, likipanda ni dua. Na tazama "radhiya Llahu anhu". Kiarabu kinatumia kitenzi cha wakati uliopita. Kiswahili kinasema "Mwenyezi Mungu awe radhi naye", matilaba. Tafsiri ya khatibu imebadilisha dhamira na maana imebaki palepale. Mambo haya yakusanye, ni hazina.

Kuhusu kurekodi sitasema mengi. Omba idhini kwa imamu na kwa kamati ya msikiti siku kadhaa kabla, kwa barua na kwa mdomo. Washa simu kabla khatibu hajapanda mimbari, kisha usiiguse. Mtume amefundisha kwamba hata kumwambia mwenzako "nyamaza" wakati imamu anakhutubu ni upuuzi, seuze kuhangaika na vifaa. Ngamiani, kwenye zile barabara za namba, unaweza kuokota na sauti ya kipaza cha msikiti wa jirani, kwa hiyo kaa karibu na mimbari. Watafiti wa kike, ombeni mapema mtu wa kuwawekea kinasa mbele. Na uliza khutba inatolewa kwa lugha gani: kuna misikiti ambayo khutba ni Kiarabu kitupu na Kiswahili kiko kwenye mawaidha ya kabla yake, na mawaidha hayafungwi na nguzo.

Ukishaandika matini yako, irudishe kwa khatibu. Nenda baada ya Alasiri, toa salamu, mwite sheikh au maalim kama wanavyomwita watu wake, umwachie asome kwa nafasi. Makhatibu wengi wamesoma nahau na balagha chuoni. Khabari (taarifa) na inshai (kauli isiyo ya taarifa), amri, nahyi (katazo), istifhamu (swali), tamanni (kutamani), wanazijua kuliko unavyodhani. Muulize kwa nini mwanzoni alisema "tumche" na baada ya kikao akasema "mcheni". Mwache ajibu mpaka amalize, uandike jibu lake neno kwa neno, kisha uliweke kando ya safu zako uone wapi mnakubaliana na wapi hamkubaliani.