Maswali ya Wasomaji: Alama za Kasi za Programu-jalizi

SWALI: Ndugu Mhariri, ninasimamia tovuti inayoendeshwa kwa WordPress, na ninatafuta programu-jalizi (programu ndogo ya kuiongezea tovuti uwezo) ya fomu za mawasiliano. Orodha moja ya tathmini imeipa ya kwanza alama 96 kwa 100 za kasi, na ya pili, ambayo ingenifaa zaidi kwa kazi yangu, imepewa 71. Je, ninaweza kuzitegemea alama hizo?

JIBU: Ndugu msomaji, alama hizo zaweza kuwa zimepimwa kwa uaminifu na bado zisikuambie lolote kuhusu tovuti yako, kwa kuwa kasi hutokana na programu-jalizi pamoja na seva, mandhari (kiolezo cha mwonekano wa tovuti) na data inayoikuta.

Tafuta kwanza maelezo ya kilichopimwa. Wapo wanaopima muda ambao seva hutumia kuandaa ukurasa, na wapo wanaopima uzito wa faili za CSS na JavaScript, yaani za mwonekano na utendaji wa ukurasa, zinazopelekwa kwenye kivinjari. Programu-jalizi ya fomu kwa kawaida haiisumbui sana seva, lakini baadhi hupakia faili zake katika kila ukurasa, hata usio na fomu, na hapo ndipo wageni hucheleweshwa. Ile ya kuhifadhi nakala rudufu, kinyume chake, huweza kuielemea seva wakati wa kazi yake bila kumwongezea mgeni faili hata moja. Alama moja inayochanganya yote hayo huficha kile hasa unachotaka kukijua.

Majaribio mengi, tena, hufanywa kwenye tovuti mpya isiyo na kitu. Programu-jalizi ya kuorodhesha makala zinazohusiana itaonekana nyepesi penye makala kumi, kisha ilemewe penye elfu kumi.

Tazama pia tarehe na toleo lililopimwa. Mnamo Machi 2024 Google iliiondoa FID (ucheleweshaji wa kitendo cha kwanza cha mgeni) katika Core Web Vitals, vipimo vyake vya ubora wa kurasa kwa mgeni, na kuweka INP (wepesi wa ukurasa kuitikia vitendo vya mgeni) mahali pake, kwa hiyo tathmini inayojivunia FID imepitwa na wakati. Kama mwenye orodha hupata kamisheni kwa kila mnunuzi anayempeleka, soma kwa tahadhari zaidi. Nyota za watumiaji, kwa upande wao, mara nyingi husifu au hulaumu huduma kwa wateja, si kasi.

Kipimo cha kuaminika zaidi utakifanya mwenyewe. Tengeneza nakala ya majaribio ya tovuti yako, upime ukurasa ule ule programu-jalizi ikiwa imezimwa, kisha ikiwa imewashwa. Usiridhike na kipimo kimoja, maana matokeo ya Lighthouse, zana ya Google ya kupima kurasa, hubadilika kila inapoendeshwa hata kama hujagusa kitu. Pima mara tano kwa kila hali, uchukue thamani ya katikati. Query Monitor, programu-jalizi ya uchunguzi, itakuonyesha maswali ambayo kila programu-jalizi inayapeleka kwenye hifadhidata. Takwimu za wageni halisi ambazo Google huzikusanya hujumuisha siku 28, hivyo usitarajie zibadilike siku inayofuata.

Ikiwa tofauti kati ya programu-jalizi zako mbili itakuwa ndogo kuliko mabadiliko unayoyaona kati ya kipimo na kipimo, chukua ile ya 71. Ikiwa ni kubwa, chunguza kwanza kama mipangilio yake inaruhusu faili zipakiwe kwenye ukurasa wenye fomu pekee.