Mkono Mmoja Uwe Mtupu

Kuna watu ukiwatazama wakipanda gari au wakikaa mkekani unatamani warudie. Hawagongi kitu, nguo haiwasumbui, na wala hawaonekani kujitahidi. Wengi tunasema ni umbo, au kazaliwa na madaha yake. Mimi nikiwachunguza naona wanamaliza kujiandaa kabla hawajasogea, na mara zote mkono mmoja hauna kitu. Simu, mkoba, mwavuli na mfuko wa sokoni vitajijua huko upande wa pili au begani. Mkono mtupu ni wa kushika bomba la ndani ya gari, kukusanya nguo, na kumpa mtu salamu bila kuhamisha mizigo kwanza.

Tuanze na daladala. Nauli itoke kwenye pochi ukiwa bado kituoni. Anayepekuapekua huku gari linaondoka ndiye anayewaangukia wenzake mapajani. Ukikosa siti, usisimame umetazama mbele na miguu imebanana. Geuka utazame dirishani, tanua miguu, mmoja upande wa dereva na mwingine upande wa nyuma, magoti yalegee. Dereva akikanyaga breki, uzito unahama kutoka mguu huu kwenda ule na hakuna aliyekanyagwa. Kwenye Mwendokasi, yale mabasi ya haraka ya Dar es Salaam, sakafu ya basi inakaribia kulingana na jukwaa la kituo, kwa hiyo ngazi hazikusumbui, ila msukumano wa jioni pale Kivukoni hauna dawa. Begi la mgongoni lihamie kifuani, basi.

Kushuka nako kuna utaratibu wake. Kwetu mlango wa daladala uko kushoto, kwa hiyo mguu wa kushoto utangulie, na uso utazame kule gari linakoelekea, hata kama limesimama kabisa. Konda anaweza kugonga bati mguu wako ukiwa bado hewani.

Bodaboda kwa mwanamke aliyevaa dera ni somo zima. Sipendi kukaa upande, najua dada zangu wengi mtanipinga. Ukikaa upande huna cha kubana kwa mapaja, na lile tuta likija ghafla wewe ni mzigo tu. Vaa taiti ndani, kaa kama anavyokaa dereva. Panda kutokea kushoto, maana pikipiki nyingi ekzosi iko kulia, na wenye kovu kwenye shavu la mguu wanajua ninachosema. Kusanya dera kwa ule mkono mtupu kabla hujarusha mguu, na ukishakaa lichomeke chini ya mapaja, pande zote mbili. Hili si la urembo tu: kitambaa kikinaswa na mnyororo au spoku, kinakuvuta na wewe. Mtandio nao ufungwe, usipepee. Kofia ngumu uivae hata kama inaharibu kilemba. Kilemba kinafungwa upya ukifika.

Mkao mzuri wa mgongo niliupata kwa shangazi yangu Muheza, kwa ndoo ya maji. Mjini nasikia mabinti wanafundishwa kutembea na kitabu kichwani. Kitabu kikianguka unakiokota, ndoo ikiyumba unaloa papo hapo, kwa hiyo unajifunza haraka. Unaviringisha kanga kuukuu unafanya ngata, unaomba mtu akutwike, unatulia kidogo mpaka maji yaache kucheza, ndipo unaondoka. Shangazi aliweka kitawi chenye majani juu ya maji yasirukeruke. Macho mbele, kidevu sambamba na ardhi, hatua fupi, mabega yamelegea. Kiuno ndicho kinachofanya kazi.

Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliofanywa kwa wanawake wa Kenya, Waluo wanaobeba kichwani na Wakikuyu wanaobeba kwa kamba ya kipajini. Wazoefu hao waliweza kubeba mzigo wa hadi kama asilimia 20 ya uzito wao bila kutumia nguvu zaidi ya mtu anayetembea mikono mitupu. Lakini piga hesabu: kwa mwanamke wa kilo 60 hiyo ni kilo 12, na ndoo ya lita 20 iliyojaa imeshapita hapo mbali. Shingo za mama zetu zimelipia. Mkao uchukue, ndoo nzima waachie wenye guta.

Msibani na kwenye shughuli ndipo watu wanapotazamana kweli. Ukipita mbele ya waliokaa, inama kidogo, shusha mkono wa kulia, sema "naombeni njia," na usiwaruke miguu. Kukaa mkekani usijitupe. Shuka kwa goti moja, weka kiganja chini, kisha nyonga, halafu ndiyo uikunje miguu upande mmoja, nyayo zisiwaelekee wazee wala sinia la chakula. Badilisha upande kabla mguu haujafa ganzi. Ukishakufa ganzi, usidanganyike kusimama eti kwa sababu umeitwa. Sema "nakuja," usubiri damu ishuke. Kuinuka ni vilevile, goti kwanza, ila vuta upindo wa mbele wa nguo kabla hujaweka unyayo, la sivyo utajikanyaga na kurudi chini mbele ya wifi zako wote.

Na hapo niseme wazi: madera na vijora vya sare tunavinunua virefu kupita kiasi, kisha siku nzima tunatembea tumevishika kwa mikono miwili. Mpelekee fundi apandishe upindo hadi kwenye kifundo cha mguu. Nenda na viatu utakavyovaa siku hiyo, akupime ukiwa umevivaa.