Maji ya Mbeya yanachemka kwenye nyuzi 94: kwa mwalimu mpya wa sayansi

Mwalimu mwenzangu uliyepangiwa huku Nyanda za Juu Kusini, karibu sana. Koti utalihitaji, hasa Juni na Julai, lakini hilo utaambiwa na kila mtu kuanzia stendi. Mimi nataka nikuambie habari ya kipimajoto.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilipewa fizikia ya kidato cha pili, wanafunzi sabini na kitu, shule ya kata pembezoni mwa Jiji la Mbeya. Siku ya jaribio la kiwango cha mchemko niliwapanga makundi, kila kundi na sufuria ndogo na jiko la mchina, kipimajoto kimoja kwa makundi mawili. Maji yakatokota. Kundi la kwanza likasoma 94. La pili 94. La tatu 95. Nikapita katikati ya meza nikawaambia vipimajoto vimechoka, andikeni 100. Wakaandika. Hakuna aliyebisha, nami nikadhani ule ukimya ni nidhamu.

Vipimajoto vilikuwa vizima. Jiji letu liko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa iliyobaki juu yetu ni pungufu, na kanieneo yake (jinsi inavyokandamiza kila eneo) imeshuka hadi karibu asilimia 82 ya ile ya pwani. Maji huchemka pale kanieneo ya mvuke wake inapofikia ile ya hewa inayoyakandamiza, kwa hiyo huku kwetu yanawahi kuchemka, kwenye nyuzi 94 hivi. Ile 100 ya kitabuni ni ya usawa wa bahari.

Aliyenizindua ni binti mmoja wa darasa lile lile. Alinifuata ofisini baada ya vipindi, akaniamkia, akasema bibi yake anayeishi Kyela kila akija kuwatembelea hulalamika kwamba maharage ya huku hayaivi, kuni zinakwisha jikoni, wakati kwake hayamchukui muda wote huo. Akataka kujua kama moto wa Mbeya una tofauti. Sikuwa na jibu siku ile. Nililipata baadaye, na likanirudisha kwenye zile 94 nilizowaamuru wazifute.

Kyela iko chini, kandokando ya Ziwa Nyasa, mita 500 hivi tu. Likizo ilipofika nilimwazima binti kipimajoto cha spiriti (cha zebaki usikiruhusu kitoke maabara, kikivunjika nyumbani ni sumu kwa watoto). Alikifunga kwa kipande cha kitenge, akakilaza ndani ya kopo la maziwa. Shule ilipofunguliwa alikirudisha kizima, pamoja na karatasi ya daftari iliyoandikwa: Kyela, 98. Tukakaa naye tukapiga hesabu. Kila ukipanda mita 300, kiwango cha mchemko hushuka takriban nyuzi moja. Kati ya Kyela na shuleni ni mita 1,200, yaani nyuzi nne. Na maharage yanayopikwa kwenye maji yenye nyuzi nne pungufu lazima yachelewe, uongeze kuni usiongeze, maana maji yakishachemka moto mkubwa unayakausha tu.

Nilirudi darasani nikawaomba radhi wanafunzi, tukarekebisha madaftari. Mtihani ukiuliza kiwango cha mchemko katika kanieneo sanifu, jibu ni 100. Ukiwaambia wapime, jibu ni walichosoma wao.

Nakusihi hili kuliko yote: mwanafunzi akikuletea namba au swali lisilolingana na kitabu, pimeni kabla hujamjibu. Pengine umesoma ualimu pale Iringa, kwenye chuo kikuu kishiriki cha Mkwawa. Majengo yale yalikuwa sekondari zamani, na humo alisoma Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu Magamba, Tanga, aliweka kwenye friji mchanganyiko wa aiskrimu ukiwa bado wa moto, ukaganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Alipouliza sababu, mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa akauliza tena, akachekwa. Kisha Dk. Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam akaja pale kutoa mhadhara. Mpemba akasimama na swali lile lile, na wenzake wakacheka tena. Osborne naye hakuwa na jibu, ila aliporudi Dar aliagiza jambo hilo lijaribiwe, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Wanasayansi wanabishana hadi leo kuhusu sababu yake na lini hasa linatokea. Ni wangapi wenye swali kama lile tumewakalisha chini kwa sababu kipindi kimebaki dakika kumi?

Mimi nina daftari la maswali, limefungwa kwa kamba kwenye dirisha la maabara. Anayetaka anaandika, hata bila jina. Mengine tunayajaribu Ijumaa. Mengi yanaandikwa kwa Kiswahili, nami sijawahi kumwambia mtu aliandike upya kwa Kiingereza.

Hapo kwenye lugha ndipo utakapotoka jasho. Watoto wa kidato cha kwanza wametoka kusoma sayansi kwa Kiswahili shule ya msingi, ghafla kila kitu ni Kiingereza, na nyumbani wengine wanaongea Kisafwa, Kinyakyusa au Kihehe. Tatizo si msamiati peke yake. Chukua neno nguvu. Mtaani trekta lina nguvu, uji una nguvu, umeme una nguvu, mtu aliyesukuma gari ametumia nguvu. Fizikia inataka vitu vitatu tofauti humo ndani: kani, nishati, na kasi ya kufanya kazi. Mwanafunzi anayevichanganya hajashindwa kufikiri. Anatumia neno kama anavyolisikia kila siku. Vitenganishe kwanza kwa Kiswahili, kwa mifano anayoijua, ndipo umpe majina ya Kiingereza.

Na neno kazi ni hivyo hivyo. Ukimwambia msichana aliyebeba ndoo kichwani asubuhi kwamba akitembea tambarare ndoo ile hajaifanyia kazi, atakuangalia vibaya, na ana haki. Anza na mlima, tunayo ya kutosha. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, kani ya kuinyanyua ni nyutoni 200. Kutoka kisimani hadi nyumbani amepanda kimo cha mita 30. Kazi ni kani mara kimo: jouli 6,000, kwa ndoo peke yake, bila mwili wake. Niliwahi kuliambia darasa lipige hesabu ya ndoo za wiki nzima, na kuna mvulana aliyeuliza dada zake wanabeba ngapi. Baada ya hapo tambarare inaeleweka: ndoo haikupanda.

Andalio la somo na azimio la kazi viwe tayari kabla hujaulizwa. Hilo halihitaji maelezo.

Kuhusu vifaa, usisubiri. Miaka ya 2014 na 2015 wananchi walichangishwa kujenga maabara tatu kila shule ya kata, kwa hiyo huenda ukakuta jengo zuri lenye meza na masinki, ila gesi hakuna. Fundisha hivyo hivyo. Choya iliyochemshwa inabaki nyekundu kwenye maji ya ndimu na inabadilika kuelekea bluu na kijani ukitia maji ya majivu au magadi. Jiwe na uzi vinakupa pendulamu: mita moja kutoka pale uzi ulipofungwa hadi katikati ya jiwe, mabembeo 20 ya kwenda na kurudi, sekunde 40. Kundi likikuletea 38, usiwaambie wamekosea. Simama nao, sikiliza wanavyohesabu. Mara nyingi wanasema "moja" pale wanapoachia jiwe, kwa hiyo wamepima mabembeo 19. Wafundishe kuanza na sifuri, kisha waache warudie wenyewe.

Wiki ya kwanza, kabla ratiba haijatulia, ingia maabara peke yako uchemshe maji. Kama umepangiwa Makete utapata chini ya namba yetu, na Kyela juu yake. Iandike kwa maandishi makubwa, ubandike ukutani karibu na ubao.